Kujilinda Si Woga

Katika bweni letu kuna ubishi usiokwisha. Wenzangu wengi husema kwamba timu inayorudi nyuma na kungoja ni timu ya waoga, na kwamba mpira ni kushambulia tu. Kwa kuwa mimi ni beki, maneno hayo hunigusa. Basi nimeona afadhali niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi timu ya taifa ya Moroko ilivyocheza katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 huko Qatar, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Kocha Walid Regragui alikabidhiwa timu hiyo mwisho wa Agosti 2022, miezi isiyotimia mitatu kabla ya mashindano. Muda ulikuwa mfupi, naye akachagua mpango ulio rahisi kueleweka. Mabeki wanne walisimama katika mstari mmoja mbele ya golikipa Yassine Bounou. Mbele yao alisimama hafu mmoja, Sofyan Amrabat, kama bawabu mlangoni. Mbele ya Amrabat walikuwapo wanne wengine, na mbele kabisa sentafowadi Youssef En-Nesyri peke yake.

Siri haikuwa wingi wa watu nyuma, bali ufupi wa nafasi kati ya mstari na mstari. Wachezaji walikaribiana hata adui asipate pa kupokea mpira katikati. Akizuiwa katikati, hana budi kwenda pembeni. Na huko chokaa ya uwanja nayo ni beki, maana hakuna apitaye nje yake. Hapo winga na beki wa upande huo walimbana mwenye mpira, wawili kwa mmoja. En-Nesyri naye hakuwafukuza mabeki ovyo. Siku ya kucheza na Hispania alikaa karibu na Sergio Busquets, ambaye ndiye aliyekuwa akiwagawia wenzake mipira.

Siku hiyo, tarehe 6 Desemba, Wahispania walipigiana pasi nyingi mno kwa muda wa dakika 120, wasipate hata bao moja. Katika penalti Bounou alizuia mbili, nyingine ikagonga nguzo ya goli, na Moroko ikashinda 3-0.

Lakini kuzuia ni nusu ya kazi. Mpira uliponyakuliwa ulipelekwa mbele upesi, hasa upande wa kulia, ambako Achraf Hakimi alitoka nyuma mbio kumsaidia Hakim Ziyech, wakati adui amepanda na kuacha nyuma wazi. Tarehe 10 Desemba, katika dakika ya 42, beki wa kushoto Yahia Attiyat Allah aliwapigia Wareno krosi, En-Nesyri akaruka juu kumshinda golikipa, akafunga kwa kichwa. Bao hilo moja liliiingiza Moroko katika nusu-fainali, nchi ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Katika michezo mitano ilikuwa imefungwa bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe walipocheza na Kanada.

Mpango huu una udhaifu wake, nami sitauficha. Tarehe 14 Desemba Wafaransa walipata bao katika dakika ya 5. Aliyekwisha kufunga hana haraka ya kuja mbele. Basi Moroko ikalazimika kuacha kungoja na kutoka nje ya ngome yake. Ilicheza vizuri, lakini ikafungwa la pili. Anayengoja sharti asitangulie kufungwa.

Sasa nirudi kwetu. Muhula uliopita bweni letu lilifungwa mabao manne. Winga wetu wawili walibaki mbele wakidai mpira, na sisi mabeki wanne tukakabiliana na washambuliaji saba. Baadaye tuliulizwa kwa nini hatujui kuzuia! Ziyech ni fundi wa kushambulia, lakini alirudi kumsaidia beki wake bila kuona haya.

Wamoroko huitwa Simba wa Atlas, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Winga wetu wakikubali kurudi, mimi naahidi kwamba kila mpira nitakaounyakua utawafikia mapema.