Mtungi wa Nyumbani na Kisima cha Mbali: Akiba ya Mafaili katika Mitandao ya Kompyuta

Mtu akaaye mbali na kisima haendi kisimani kila aonapo kiu. Huteka maji mara moja, akayahifadhi mtungini. Lakini mtungi una kikomo, na maji yaliyomo huenda yasiwe sawa na yaliyopo kisimani leo. Mambo hayo mawili ndiyo yanayotawala akiba ya mafaili katika mitandao ya kompyuta.

Katika taasisi nyingi, mafaili huwekwa katika kompyuta kuu iitwayo seva, na kompyuta nyingine huyasoma kwa njia ya mtandao. Taabu yake ni umbali. Mwanga husafiri ndani ya uzi wa kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 1,000, swali na jibu lake huchukua angalau sehemu moja ya mia ya sekunde. Programu inayofungua mafaili 500, moja baada ya jingine, hupoteza sekunde 5 kwa kungoja tu. Kupanua njia hakufupishi safari. Dawa ni kuweka nakala katika diski ya kompyuta ya msomaji.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la kwanza, yaani uhalali wa nakala. Tuseme mhasibu anasoma hesabu kutoka katika nakala iliyo karibu naye, hali mwenzake amekwisha kuzisahihisha katika seva. Mhasibu huyo atalipa fedha kwa tarakimu za jana, wala kompyuta haitamwonya.

Mfumo wa AFS, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, katika miaka ya 1980, ulikabili jambo hili. Mwanzoni kila kompyuta iliiuliza seva, kila ilipofungua faili, kama nakala yake ingali halali. Ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya maombi yaliyoifikia seva yalikuwa ya kuuliza hivyo tu. Basi utaratibu ukageuzwa: seva ikaahidi kumwarifu kila mwenye nakala pindi faili linapobadilika. Maswali yakapungua sana. Hata hivyo, ahadi ina gharama yake: seva yapasa ikumbuke nani ana nini, na mawasiliano yakikatika taarifa huenda isifike. Ndiyo maana ahadi hizo huwekewa muda.

Mfumo wa NFS, uliotolewa na Sun Microsystems katika miaka hiyo hiyo, ulifuata njia nyingine. Kompyuta huuliza wakati wa kufungua faili, na hurudisha mabadiliko wakati wa kulifunga. Kati ya nyakati hizo huamini ilichonacho kwa muda mfupi; katika Linux, muda wa kawaida kwa faili ni kati ya sekunde 3 na 60.

Tatizo la pili ni nafasi. Tangu mwaka 2009 kiini cha Linux kina utaratibu wa kuhifadhi diskini nakala za mafaili ya mtandao. Kwa mipango yake ya kawaida, nafasi tupu ya diski ikishuka chini ya asilimia 7, nakala ambazo hazijatumiwa kwa muda mrefu huanza kufutwa, hadi nafasi ipande kupita asilimia 10. Ikishuka chini ya asilimia 3, hakuna nakala mpya inayopokelewa.

Yafaa ieleweke kwamba akiba hii haifai kila mahali. Seva ikiwa jirani na mtandao ukiwa mwepesi, kusoma kutoka diski ya karibu kwaweza kuchelewesha kuliko kuiuliza seva. Akiba hufaa pale ambapo seva iko mbali, wasomaji ni wengi na mabadiliko ni machache. Mafaili yanayoandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja yaachwe kisimani, maana hapo kuchelewa kidogo ni nafuu kuliko kukosea.