Mtoi Akilia Kwa Ndege, Shida Ni Masikio

Umetoka Nairobi na mtoi, mnakaribia Mombasa, ghafla anapiga nduru hadi ndege nzima inawageukia. Usiskie aibu, mathe. Ndege ikishuka, presha ya hewa ndani hupanda, na mrija mdogo wa kusawazisha sikio la mtoi bado ni mwembamba, so linamuuma. Wewe humeza mate ama kupiga miayo, yeye hiyo mbinu hajui.

Rubani akitangaza mnashuka, mnyonyeshe ama mpe chupa hapo hapo. Usingoje mguse lami. Kumeza ndiko hufungua masikio. Kama amelala, mwamshe. Akiwa na mafua mbaya ama sikio linauma, muone daktari kabla ya safari.

Na wewe jirani wa siti, punguza macho. Ulikuwa mtoi pia.