Spika za Ukutani: Mabingwa wa Dunia

Mtu akishaonja sinema ya nyumbani, hutaka kujua jambo moja tu: nani anayo kubwa kuliko yangu? Hawa hapa.

1. NYINGI KULIKO ZOTE

Ukumbi wa Sphere, Las Vegas, ulifunguliwa Septemba 2023 ukiwa na spika zipatazo 167,000. Zipeleke Uwanja wa Benjamin Mkapa, kila spika na kiti chake: zitaujaza mara mbili, na nje ya geti zitabaki 47,000 zikidai tiketi! Na karibu zote hutaziona. Zimetengenezwa na Holoplot ya Berlin, zikafichwa nyuma ya skrini inayopitisha sauti. Kimsingi ni spika za ukutani kama hizo unazozitaka sebuleni, ila ukuta wenyewe una eneo la viwanja viwili vya mpira.

Kwa nyumbani, Dolby Atmos hukubali hadi spika 34. Hao ni abiria wa Kosta iliyojaa, na konda bado anaita.

2. RISIVA YA MIRABA MINNE

Denon AVR-A1H ina kilo 32, karibu theluthi mbili ya mfuko wa saruji. Ndani mna amplifaya 15, na nyuma kuna nafasi ya sabufa nne. Wati 150 kwa kila chaneli, wanasema. Lakini soma maandishi madogo: kipimo hicho ni cha chaneli mbili tu zikifanya kazi. Risiva karibu zote hutangazwa hivyo.

3. WALIOANZA

Sonance ya California, 1983, ndio wanaotajwa kuanzisha biashara ya spika za ukutani. Kwao ilikuwa rahisi: ukuta wa Marekani ni mbao na jipsamu, katikati uwazi wa sentimita tisa hivi. Ukuta wetu wa tofali hauna uwazi huo. Ama ujenge ukuta wa jipsamu mbele yake, ama upande darini.

4. INAYOSHUKA CHINI KABISA

Sikio la binadamu huishia kwenye hezi 20. TRW-17 ya Eminent Technology hushuka hadi hezi 1! Haina koni, ina mapanga yanayozunguka huku yakibadili pembe kufuata sauti. Ukiiona utaapa ni pangaboi. Hufungwa kwenye tundu la ukuta, na chumba cha nyuma chote kinageuka boksi lake. Huisikii, unaihisi.

5. ISIYO NA NJAA

Huyu ndiye bingwa wangu. Klipschorn iliingia sokoni 1946, miaka 15 kabla ya Uhuru wa Tanganyika, na bado inatengenezwa. Husimama kwenye kona, na kuta mbili za nyumba yako zinakuwa sehemu ya tarumbeta yake. Ukiipa wati moja, kwa umbali wa mita moja inatoa desibeli 105.

Spika nyingi za ukutani hutoa kama 87. Tofauti ni 18, na kila desibeli tatu za ziada zinadai nguvu maradufu. Hesabu: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Wati moja ya Klipschorn ni wati 64 za spika yako!

Ndiyo maana kushindania wati dukani ni kupoteza hela. Spika ya desibeli 90 kwenye risiva ya wati 50 inalingana na ya 87 kwenye risiva ya wati 100. Angalia na omu pia: spika ya omu 4 hunyonya mkondo maradufu ya ile ya omu 8, na risiva dhaifu itachemka hadi ijizime katikati ya filamu.

Chagua spika kwanza, tatu za mbele ziwe za familia moja, usome desibeli na omu zake. Risiva inunuliwe mwisho.