Barua za wakubwa wa Uingereza: kweli au uongo?

Barua ya rafiki ilikuwa siri ya watu wawili.
Uongo, na ndio uliotia mizizi kuliko wote. Katika majumba ya wakubwa wa Uingereza ya miaka ya 1700, barua tamu ilisomwa kwa sauti sebuleni, familia na wageni wakisikiliza, na pengine ikanakiliwa ili jamaa wa mbali nao waipate. Mwandikaji alilijua hilo tangu anachovya unyoya kwenye wino. Ndiyo maana hata umbea wao umepigwa msasa.

Mtazame Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu. Mwaka 1741 aliagana na Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza mjini Florence. Hawakuonana tena, lakini waliandikiana mpaka Mann alipofariki mwaka 1786. Katikati ya urafiki huo Walpole aliomba arudishiwe barua zake. Zikarudi, akazinakili na kuziwekea maelezo. Sasa, mtu anayefafanua barua zake mwenyewe hamwandikii rafiki peke yake. Anatuandikia na sisi. Sioni kama hilo linaufanya urafiki wao kuwa wa bandia. Nani angedumu miaka 45 kwa maonyesho matupu?

Na serikali nayo ilisoma. Posta ilikuwa na ofisi ya siri iliyofungua barua za nje, hasa za mabalozi, ikazinakili na kuzifunga tena.

Zilizochapwa vitabuni ndizo zilizotumwa.
Mara nyingi si kweli. Lady Mary Wortley Montagu alikwenda Istanbul na mumewe balozi, akarejea Uingereza mwaka 1718. Barua zake mashuhuri za safari hiyo, zilizochapwa mwaka 1763 baada ya kifo chake, alikuwa amezipanga na kuziandika upya. Mshairi Alexander Pope alizidi. Mwaka 1735 alimtega mchapishaji Edmund Curll kwa siri ili achape barua zake, kisha akalalamika kwamba ameibiwa. Alipotoa toleo lake mwenyewe, barua alizomwandikia rafiki yake John Caryll zilibadilishwa majina, nyingine zikaonekana kama zilikwenda kwa mwandishi Addison, mtu mwenye jina kubwa zaidi. Ujanja huo, nakiri, unachekesha.

Ziliwekwa kwenye bahasha nzuri.
Kwa kawaida, hapana. Gharama ya posta ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, hivyo bahasha ingelipiwa kama karatasi ya pili. Karatasi yenyewe ilikunjwa, kingo zikaingizwa ndani, ikagongwa lakiri, na anwani ikaandikwa nje. Aliyekosa nafasi alijaza pembezoni.

Mwandikaji ndiye aliyelipa.
Kwa kawaida alilipa mpokeaji. Kumwandikia rafiki porojo za kurasa nyingi kulikuwa kumtoza.

Wakubwa walikwepa gharama hiyo.
Hili ni kweli tupu. Barua za wabunge zilipita bure, na mwanzoni sahihi ya mbunge ilitosha. Basi wakawa wanatia sahihi karatasi tupu na kuwagawia marafiki. Mwaka 1764 Bunge liliwataka waandike anwani yote kwa mkono wao. Mwaka 1784 ikaongezwa tarehe. Watu waliendelea kuwaomba wabunge sahihi kama kawaida, hadi upendeleo huo ulipofutwa mwaka 1840, mwaka uleule stempu ya kwanza ya Uingereza ilipoanza kuuzwa.