Darubini ya nyota: angalia upana wa kioo, si namba ya kwenye karto

Usiku bila mwezi, anga la Wamaza, kusini mwa Maniema, ni giza kabisa. Taa za barabara hazipo za kulichafua. Kwa mwenye kupenda nyota, huo ni utajiri. Lakini mbele ya kutosha feza ya darubini, ajue kwanza nini anauziwa.

Kwenye karto za darubini ndogo mara nyingi wanaandika kwamba inakuza mara 500. Usidanganyike. Kazi ya darubini ni kukusanya mwangaza, na mwangaza unaingia kwa kioo kikubwa. Hesabu ni rahisi: chukua upana wa kile kioo kwa milimita, zidisha mara 2. Kioo cha milimita 60 kinafika mara 120 hivi; ukipita hapo, unaona ukungu tu. Na mara 50 zinatosha kuona pete za Zohali, ile masomoni inaitwa Saturne, pia miezi 4 ya Jupita ambayo Galileo aliiona mwaka wa 1610.

Angalia na miguu: ikitikisika, hata kioo kizuri hakina faida.

Mwenye feza kidogo aanze na darubini ya macho mawili yenye kuandikwa 7×50, ni kusema inakuza mara 7 na vioo ni vya milimita 50. Wakati wa kiangazi, moshi wa majani ukipungua, itamwonyesha nyota nyingi sana. Aiweke pakavu, kwani unyevu unaotesha kuvu kwenye vioo.

Ila jua, asiliangalie nayo hata kidogo, wala watoto: linaunguza jicho mara moja.