Mtoto Wako Amekuwa wa Ngapi?

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali huwa ni lile lile: "Wa kwako amepata divisheni ngapi?" Huulizwa dukani, huulizwa ndani ya daladala, huulizwa hata nje ya kanisa kabla hatujamaliza kusalimiana. Mama ambaye mtoto wake amefaulu hujibu kwa sauti. Yule ambaye mtoto wake hakufanya vizuri hukumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Akina mama wenzetu, twajuana.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kwa miaka mingi orodha ile ilisomwa kama msimamo wa ligi ya mpira, na wapo waliosikitika ilipoondolewa, wakisema sasa watoto watalegea. Sisi tuliona ni uamuzi wa busara. Sababu yake hatuhitaji kuifuata mbali, maana ipo hapa hapa mkoani Pwani.

Pale Kibaha ipo sekondari ya wavulana iliyo chini ya Shirika la Elimu. Huchukua vijana waliochaguliwa kwa alama zao za juu kutoka pande zote za nchi. Vuka sasa uende Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, ukaitazame shule ya kata vijijini. Mtoto hufika darasani akiwa amekwisha tembea mwendo mrefu, na jioni humsubiri ndoo ya maji na mdogo wake wa kubeba. Kuwapanga hawa wawili katika orodha moja na kumwita mmoja mshindi, je, ni mashindano hayo? Mbio huwa za haki pale tu wote wanapoanzia kwenye mstari mmoja.

Na hata Kibaha yenyewe haikutokana na mashindano. Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliunganisha michango yao, badala ya kila nchi kuchomeka bendera yake mahali pake, wakauanzisha mradi ule mwaka 1963: shule, kituo cha afya, na mafunzo kwa wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa serikali yetu.

Kisarawe nako walitufundisha jambo. Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya mwaka 2018, alianzisha kampeni iliyoitwa Tokomeza Ziro. Watu walichangishwa, na shule ya sekondari ya wasichana ikajengwa, ambayo inaitwa kwa jina lake. Tunachokipenda zaidi ni lengo lenyewe. Halikuwa kumpata mtoto mmoja wa kupigwa picha gazetini. Lilikuwa kwamba asiwepo mtoto wa wilaya ile anayeambulia ziro. Lengo la namna hiyo hulifikii kwa kumpita jirani. Mwalimu wa shule hii ataka yule wa shule ya pili naye afanikiwe, maana ziro ya kule ni ziro yao wote.

Kazini nako

Sisi wauguzi twaujua ushindani wa kazini, ingawa hautangazwi. Katika kituo kimoja tulichopata kufanya kazi (jina lake tuliache) alikuwapo mwenzetu mwenye mkono mwepesi kuliko wote katika kuupata mshipa wa mtoto mchanga. Alijua kwamba ndio ufundi uliomfanya ahitajiwe, basi hakumfundisha mtu. Ukisogea kutazama, alikugeuzia mgongo. Mchana watoto waliwekewa dripu upesi, lakini usiku ambao zamu haikuwa yake, mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara alichomwa na kuchomwa tena, mama yake akilia pembeni. Yule dada hakuwa mtu mbaya. Mahali pale palimsifu mmoja mmoja, naye akaulinda mtaji wake. Wahenga wa pwani, waliowajua wagema vizuri, walikwisha sema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lipo jambo jingine la kuliweka kando ya hilo. Kuanzia mwaka 2009 wakunga katika hospitali 8 za Tanzania walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo hayo hufanywa kwa watu wawili wawili: mmoja hushika mwanasesere na ile barakoa yenye mfuko wa hewa, mwenzake humtazama na kumsahihisha, kisha hubadilishana. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Adui pale alikuwa kifo, wala hakuna aliyeuliza ni mkunga yupi amekuwa wa kwanza.

Hatusemi kila mashindano ni mabaya. Zamani miji ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi na kwa karamu hadi fedha zikateketea. Lakini ndani ya kila chama watu walisaidiana katika shida, wakazikana. Tazama basi kwaya zetu: siku ya mashindano kila mmoja husikiliza sauti ya mwenzake asije akaizidi. Ushindani wa namna hiyo huwafunga watu pamoja, na sisi tungeukosa. Unaotutia hofu ni ule unaomfundisha mtoto kuficha daftari lake asilione rafiki yake.

Sasa nyumbani tufanye nini? Twaanza na ndimi zetu. Kumwambia Neema "mbona dada yako hakuwa hivi" hakujamfundisha mtoto yeyote hesabu, ila kumemfundisha kumchukia dada yake. Kisha lipo jambo ambalo akina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaliweza bila kuchangishana fedha ya twisheni. Chagueni nyumba yenye taa nzuri na meza. Jioni tatu kwa wiki, watoto wakae hapo pamoja, anayeelewa hesabu amweleze asiyeelewa, naye aelezwe Kiingereza. Anayeeleza hufaidika zaidi, maana huwezi kumweleza mtu jambo ambalo wewe mwenyewe umelikariri tu. Mama mmoja akae karibu na ushonaji wake, kuzuia mchezo. Wasichana wasindikizwe wakati wa kurudi. Wiki ifuatayo mhamie nyumba nyingine, na mihogo ya kuchemsha na chai atoe mwenye nyumba.