Mahali pa Choki katika Kebo ya Antena ya Kupokelea

Katika masafa ya redio umeme hupita juujuu tu ya metali, na kwa sababu hiyo wavu wa shaba unaozunguka kebo ya antena huwa na nyuso mbili zisizojuana: wa ndani hubeba mawimbi yaliyonaswa na antena, na wa nje hunasa kelele za chaja, taa za LED na televisheni kama waya mwingine wowote. Mikondo ya nyuso hizo mbili hukutana kwenye ncha za kebo, na hapo ndipo kelele hupata mlango wa kuingilia redioni. Choki, yaani kebo hiyohiyo iliyozungushwa mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ambayo ni kauri yenye oksidi ya chuma, huukaba mkondo wa nje bila kuugusa wa ndani.

Hitaji la choki ni kubwa zaidi kwa antena za kupokelea, kama ile ya Mmarekani Harold Beverage, ambayo Mmarekani mwenzake Paul Godley aliitandaza Ardrossan, Uskoti, Desemba 1921, akasikia stesheni za ridhaa kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Waya huo mrefu ulio karibu na ardhi hunasa nguvu ndogo mno, na thamani yake yote ni kusikiliza upande mmoja na kuupuuza mwingine. Kebo ikianza nayo kusikiliza pande zote, thamani hiyo hupotea.

Mahali pa kwanza pa choki, basi, ni kwenye antena, mara tu baada ya transfoma inayoiunganisha antena na kebo, ambayo mizingo yake miwili haipaswi kuungana wala kutumia nondo moja ya ethi. Hata hivyo choki hukaba tu mkondo ulio tayari kupita, na ncha ya wavu isiyounganishwa na kitu huwa na mkondo hafifu, kiasi kwamba choki iliyowekwa hapo peke yake hufanya kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Inafaa wavu upewe nondo yake ya ethi mita chache kutoka kwenye choki, upande wa nyumbani, ili kelele inayopanda kutoka nyumbani ikute njia nyepesi ya kushuka ardhini kabla ya kukuta kizuizi. Mpangilio huo ukigeuzwa, faida yake kubwa hupotea.

Choki ya pili hukaa kebo inapoingia nyumbani. Kebo ndefu huhitaji nyingine katikati, kwa kuwa katika bendi ya mita 160 kipande cha mita 40 hivi, robo ya wimbi, kinaweza chenyewe kuwa antena nzuri.

Ili kupima kazi ya choki hizo, antena hung'olewa kwenye transfoma na mahali pake kuwekwa rezista yenye ukinzani sawa na wa antena. Stesheni zikiendelea kusikika, kebo ndiyo inayozinasa.